Tumelipa sisi, tumeimba sisi, halafu anatuambia "Dodoma hamjui kuimba"!

Wakuu, nimeshuka kwenye bodaboda sasa hivi, viatu sijavua, vumbi la Nkuhungu bado liko kwenye nyusi. Ni saa nane usiku na usingizi hauji mpaka niseme. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na mwingine wowote.

Jina simtaji. Mnamjua. Ni yule yule wa wimbo ule ambao ukipanda daladala unaukuta, ukishuka unaukuta kwa muuza chipsi, ukifika nyumbani mtoto wa jirani anauimba chooni. Huyo huyo.

"Dodoma hamjui kuimba."

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma. Sasa nirudi nyuma.

Kiingilio elfu ishirini kwa kichwa. Mimi na mke wangu, elfu arobaini. Tangazo lilisema saa mbili usiku, tukafika saa mbili kasoro kama watu wenye adabu zetu. Upepo wa Dodoma mwezi huu mnaujua, unapita kwenye koti kana kwamba hukuvaa kitu. Tumesimama hapo tukitafuna mchanga mpaka meno yanalia. Kapanda jukwaani saa sita kasoro robo. Nimezeeka nikiwa foleni, wakuu. Nimeingia kijana, nimetoka na mvi.

Nyimbo za mwanzo nasamehe. Alikuwa anakimbia huku na huku kama anayefukuzwa na nyuki, tukasikia pumzi kuliko maneno. Maiki kaishika kichwani kama anamnyonga kuku, kila baada ya dakika spika inapiga yowe, watu wanaziba masikio. Mstari mmoja anaimba, mistari mitatu "mko wapi Dodomaaa, mikono juu!" Tuko hapa baba, tumelipa, tutakwenda wapi?

Yote hayo nasamehe, kwa sababu tulikuwa tunausubiri wimbo wenyewe.

Mke wangu aliingia ukumbini siku ya harusi yetu kwa wimbo ule. Kuna pale kwenye kiitikio, sauti inapanda, inapanda tena, halafu inatulia kule juu kama mwewe juu ya kilima cha Mlimwa. Siku ile mke wangu alifika mbele yangu pale pale sauti ilipotulia. Hatukupanga. Nilitokwa na machozi mbele ya wakwe. Kwa hiyo mtu asiniambie ni wimbo tu.

Basi bandi ikaanza. Simu zote juu. Mke wangu akanishika mkono. Kiitikio kikaingia, sauti ikaanza kupanda, na mimi nimefumba macho kabisa.

Akatugeuzia maiki.

Tukaimba sisi! Uwanja mzima! Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja kajifunga kitenge, mtoto mgongoni kalala, yule mama ameipandisha ile sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mimi nimeimba mpaka koo likawaka. Tukaifikisha kule juu, tukaishikilia.

Jamaa akarudisha maiki mdomoni, akacheka, akasema: "Dodoma hamjui kuimba!"

Mwenye kazi ya kuimba hajaimba. Aliyelipa ndiye kaimba. Halafu asiyeimba anamsahihisha aliyelipa!

Na kayasema wapi? Ugogoni! Nchi aliyotoka marehemu Hukwe Zawose, ambaye zeze na ilimba vyake (ilimba ni ile marimba ya vidole) vilisikika mpaka Ulaya. Nchi ambayo mama zetu wanapiga muheme, ngoma imebanwa kati ya miguu, mikono inapiga, mabega yanacheza na mdomo unaimba, bila maiki wala monita, na unawasikia ukiwa ng'ambo ya korongo. Wale ndio hawajui kuimba?

Yule mama wa kitenge alinyamaza pale pale. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akatoka. Mke wangu akauachia mkono wangu. Njia nzima mpaka nyumbani hajasema neno.

Nauliza: kwenye rekodi aliimba nani? Maana niliyemwona leo siye.

"Dodoma hamjui kuimba." Elfu arobaini.

---

Zabibu Mbichi: Nimekuwa wa kwanza leo. Pole mkuu. Mimi nilikuwa karibu na jukwaa kabisa, nathibitisha, kasema vile vile na kidole katunyooshea. Aje tena aone.

Konda wa Zamani: Elfu arobaini kwenda kuangalia mtu anaruka sarakasi! Hiyo hela si ungeninunulia kreti mbili za soda, nikakuimbia sebuleni kwako mpaka asubuhi?

Mtoa Hoja (mleta uzi): Konda, usinichekeshe, nina hasira. Alisema HATUJUI KUIMBA.

Kitonga77: Mleta uzi acha wivu. Dogo anajaza viwanja, wewe unajaza nafasi hapa. Kama unajua kuimba toa wimbo wako tuusikie.

Zabibu Mbichi: Kitonga naye kaamka. Wewe si ndiye ulilia humu wiki iliyopita kwa sababu ya mechi?

Fundi Waya: Wakuu, mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti, harusi, mikutano ya injili, matamasha. Mleta uzi unauliza kwenye rekodi aliimba nani. Ni yeye. Lakini si yeye wa mara moja.

Studio mtu anaingia chumba kidogo chenye magodoro ukutani, kasimama sentimita chache kutoka kwenye maiki, kapumzika, kanywa maji ya uvuguvugu. Anaimba mstari mmoja mara kumi na tano. Prodyuza anachukua neno hili kutoka mara ya tatu, lile kutoka mara ya kumi na moja, anayaunganisha. Ile sauti unayoililia huenda aliifikia mara moja tu maishani mwake, na mashine ilikuwa inarekodi. Ikipelea kidogo inavutwa na Auto-Tune. Hiyo programu ilitoka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, kabla ya hapo alikuwa anachambua mawimbi ya kutafutia mafuta ardhini. Kisha anaimba tena juu ya sauti yake mwenyewe mara mbili tatu ili inenepe. Unachosikia redioni ni yeye wanne kwa pamoja.

Jukwaani yuko mmoja, anaruka, pumzi zimekwisha. Ataitoa wapi?

Na kuhusu kuishika maiki kichwani: kile kichwa kina matundu yake, ukiyaziba kwa kiganja, maiki inaanza kuokota sauti kutoka kila upande, pamoja na ile ya spika. Inazunguka humo kwa humo, ndiyo hayo mayowe. Fundi anatukanwa, kumbe mkono wa msanii.

Mtoa Hoja: Fundi nashukuru, nimekuelewa. Lakini kama hawezi, si aseme hawezi? Kwa nini atuambie sisi ndio hatujui?

Fundi Waya: Ngoja, hapo ndipo penyewe. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Aliyesimama mita 70 kutoka kwenye spika, muziki unamfikia umechelewa sehemu mbili za kumi za sekunde. Anaimba kwa kuufuata huo aliousikia, na sauti yake inachelewa tena kiasi kile kile kurudi jukwaani. Jumla kama sehemu nne za kumi za sekunde. Kwa hiyo msanii anasikia uwanja mzima uko nyuma ya ngoma. Hamkukosea nyinyi. Ni umbali. Msanii mzoefu analijua hilo.

Mpiga Besi wa Makole: Mimi nilikuwepo na nina la kuongeza. Bandi waliushusha ule wimbo. Sikio langu halinidanganyi, walishusha kama toni moja na nusu ili akifika kule juu asikwame. Nyinyi mmezoea wa redioni, mkaanzia pale pale pa redioni. Nyinyi juu, gitaa chini. Lazima pasikike pamekunjamana. Yaani mliimba wimbo kama alivyourekodi, yeye ndiye hakuupiga kama alivyourekodi.

Mtoa Hoja: KUMBE! Kumbe sisi ndio tulikuwa sawa! Namwamsha mke wangu nimwambie.

Konda wa Zamani: Saa tisa usiku? Mwache mwenzio alale, talaka haina Auto-Tune.

Mzee wa Kikuyu: Vijana, mnateseka kwa sababu mnapenda muziki wa kupikwa. Sisi tulikua na bandi ya Msondo, tangu ikiitwa NUTA Jazz mwaka 1964. Tukaipata Sikinde mwaka 1978. Bandi inaingia studio za Radio Tanzania, wote kwa pamoja, magitaa, tarumbeta, ngoma, waimbaji, wanapiga wimbo mwanzo mwisho. Mmoja akikosea, wote wanarudi mwanzo. Na wimbo wenyewe walikuwa wameshaupiga ukumbini usiku kwa usiku kabla ya kwenda kuurekodi. Ukiwafuata dansini unakuta kile kile cha redioni, tena kirefu zaidi, maana huko hakuna wa kuwaambia muda umekwisha.

Kitonga77: Mzee, hizo enzi na redio za mkulima zimepita.

Mzee wa Kikuyu: Zimepita lakini hakuna aliyeniambia sijui kuimba.

Mama Wawili: Mzee umemaliza kila kitu 😂

Dada wa Ipagala: Ahueni nyinyi mliopata bandi. Kuna mmoja alikuja chuo chetu, kaweka wimbo wote kama ulivyo redioni, anafumba na kufumbua mdomo tu. Maiki ikamdondoka, wimbo ukaendelea kuimba chini. Tukamshangilia maiki.

Fundi Waya: Haya yana historia. Wale wawili wa kundi la Milli Vanilli mwaka 1989 wako jukwaani Marekani, rekodi ikakwama, ikawa inarudia maneno yale yale, mmoja akakimbia jukwaani. Februari 1990 wakapewa tuzo ya Grammy, Novemba wakanyang'anywa, maana hata kwenye rekodi hawakuimba wao.

Zabibu Mbichi: Hapo sasa. Wetu angalau anahema mwenyewe.

Mama Wawili: Mimi jamani sina shida na sauti. Shida yangu choo. Vyoo vinne, watu uwanja mzima. Nimesimama foleni nyimbo tatu, nimesikia ule wimbo nikiwa ndani nimeshikilia mlango usiokuwa na kitasa. Na hiyo "hamjui kuimba" nimeisikilizia humo humo.

Mtoa Hoja: Hata chooni aliwatukana! Mnaona?

Dada wa Ipagala: Tena viti vya VIP ni vile vile vya plastiki vya harusini, wamevivalisha kitambaa. Elfu hamsini. Changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi, nimeangalia shoo nimeinama upande kama mnara.

Konda wa Zamani: Mmesahau mishkaki. Mshikaki elfu moja, nyama tatu, moja mfupa na moja kitunguu. Kwa Dodoma hii! Mkoa wa ng'ombe na mbuzi!

Mpiga Besi wa Makole: Konda hapo umenigusa. Mimi nilikula miwili nikatafuna mpaka wimbo wa nne. Ile haikuwa nyama, ile ilikuwa ngozi ya ngoma.

Kitonga77: Kwa mara ya kwanza leo naunga mkono hoja. Ile mishkaki ni dhuluma.

Mzee wa Kikuyu: Nyama inaliwa mnadani Msalato siku ya Jumamosi. Unamwona mbuzi akiwa mzima, unachagua paja mwenyewe, linawekwa pembeni ya moto, si juu ya moto. Chumvi, limao, pilipili, kwisha.

Zabibu Mbichi: Mzee usiseme, ni saa tisa na nusu na nyumbani kuna ugali mkavu.

Mama Wawili: Kwani siku hizi paja la mbuzi pale ni bei gani? Mara ya mwisho nimeenda kabla ya mvua.

Konda wa Zamani: Inategemea unaongea vipi. Ukifika na shati la kuchomekea umeliwa. Nenda na kandambili, salimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", bei inashuka yenyewe.

Fundi Waya: Kesho si Jumamosi? Mimi nina kipikapu, nafasi sita nyuma. Natokea Kizota saa nne.

Kitonga77: Niwekee nafasi moja.

Konda wa Zamani: Kitonga utakaa kwenye tairi la akiba. Na mimi moja.

Dada wa Ipagala: Moja. Naleta zabibu.

Mpiga Besi wa Makole: Moja, na gitaa kavu nabeba.

Mtoa Hoja: Wakuu mada yangu ilikuwa ile kauli.

Mzee wa Kikuyu: Kijana, unakuja au huji?

Mtoa Hoja: Fundi, unapitia Nkuhungu? Mke wangu ameamka, anasema nafasi mbili zilizobaki ni zetu, na Mpiga Besi auweke ule wimbo pale pale pa redioni, asiushushe.