Gari lipi la NASCAR limetupa mbio tamu zaidi: la 2007, la 2013 au hili la sasa?

Jirani wa Charlotte

Wakuu, habari za jioni. Tangu itangazwe kwamba msimu wa 2026 injini za NASCAR, mbio za magari za Marekani, zitaongezwa nguvu, kutoka farasi 670 hadi 750, kwenye viwanja vifupi kuliko maili 1.5, kazini kwangu hakuna mazungumzo mengine. Naishi karibu na Charlotte, North Carolina, ambako timu nyingi za NASCAR zina karakana zao, na huku watu wanabishana juu ya magari haya kama tunavyobishana nyumbani juu ya Simba na Yanga.

Naweka magari matatu mezani. La kwanza ni lile la 2007, lililoitwa Gari la Kesho, lenye bawa nyuma. La pili lilikimbia kuanzia 2013 hadi 2021, likarudishiwa sura ya magari yanayouzwa dukani. La tatu ni hili la tangu 2022, Next Gen. Lipi limekuinua kitini?

Msimamo wangu ni huu: gari la sasa ni bora kuliko yote kwenye viwanja vya maili 1.5, na ni baya kuliko yote kwenye viwanja vifupi. Aprili 2022 nilikwenda Martinsville, usiku wa baridi kali. Uwanja ule hauzidi maili 0.526, umebanwa kama kibanio cha karatasi, na zamani magari yalikuwa yakigongana pale mpaka bodi zinakunjamana. Usiku ule Chase Elliott aliongoza mwanzo mwanzo, kisha William Byron akashika uongozi kwa mizunguko 212 na kushinda. Waliokuwa nyuma walifika kwenye bampa ya mwenzao wakabaki hapo hapo. Watu waliokuwa karibu yangu walianza kuondoka kabla ya bendera.

Nikilinganisha na Oktoba 2018, uwanja huo huo na gari la zamani, Joey Logano alivyomsukuma Martin Truex Jr. kwenye kona ya mwisho kabisa na kumnyang'anya ushindi, naumia.

Fundi wa Mwenge

Mkuu, ngoja nilieleze kifundi, maana mimi hushika spana kila siku na gari hili nimelisoma sana.

La zamani lilikuwa na ekseli moja ngumu nyuma, kama pikapu. Rimu za chuma za inchi 15, nati tano kila tairi, giaboksi ya gia nne ambayo kwenye kiwanja kifupi dereva haigusi kabisa. La sasa lina sasipensheni huru kila gurudumu, rimu za alumini za inchi 18, nati moja tu katikati, giaboksi ya gia tano unayovuta na kusukuma bila kutafuta njia, na chini limefunikwa sakafu inayolivuta lishike lami. Breki ni kubwa zaidi.

Sasa angalia yanayotokea Martinsville. Breki kubwa maana yake dereva anachelewa kukanyaga, na mita zile za kufunga breki ndizo alizokuwa anazitumia wa nyuma kumwingilia wa mbele kwa ndani. Zimepungua. Halafu aliye mbele akikosea, akaingia kona kwa kasi kubwa au akatoka vibaya, anashusha gia moja na gari linachomoka tena. Zamani kosa kama hilo lilimgharimu nafasi mbili, kwa sababu injini ilikuwa imeshalala na gia ni ile ile moja.

Gari hili linasamehe makosa. Ugonjwa wote uko hapo. Mtu hupitwa kwa sababu amekosea. Ukimpa gari linalomfunika, atapitwa saa ngapi?

Kitu kingine ambacho hakikunipendeza mwanzoni ni tairi. Ukuta wake ni mfupi. Tairi ya zamani ikipasuka dereva alijikokota mpaka piti, pale mafundi wanapobadilisha tairi. Mwaka 2022 gari likipoteza upepo lilikaa chini, likasubiri kuvutwa, na mtu mwenye gari zima anatolewa mbioni kwa pancha. Fundi yeyote angeliona hilo kabla halijafika uwanjani.

Mama Neema KC

Kaka zangu, mnaisema Martinsville tu. Mimi niko Kansas City, uwanja uko karibu na nyumbani, na gari hili limenipa siku ambazo sitazisahau.

Mei 2024. Mvua ilitunyeshea saa nyingi, tukajifunika plastiki, wanangu wakasinzia mapajani. Mbio zikaanza kwa kuchelewa, zikaishia usiku chini ya taa. Kukawa na kuanza upya kwa mizunguko ya ziada, Chris Buescher mbele, na Kyle Larson akaja kwa nje. Walipita mstari wakiwa wamegusana mbavu. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi na bado sikuona nani katangulia. Ilibidi iangaliwe picha. Larson alishinda kwa sekunde 0.001, na hakuna mbio za Cup, daraja la juu kabisa la NASCAR, zilizowahi kuishia karibu hivyo. Rekodi ya awali ilikuwa 0.002, ile ya Ricky Craven na Kurt Busch kule Darlington mwaka 2003.

Na haikuwa bahati ya siku moja. Mwaka uliotangulia, hapa hapa, Denny Hamlin alimpita Larson kwenye mzunguko wa mwisho. Uwanja wetu una njia tatu, chini, katikati na juu ukutani, na gari hili linaweza kuzitumia zote. Lile la kabla yake, miaka ya mwisho walipolipunguza nguvu hadi farasi 550 na kulibandika spoila (kile kibao cha nyuma cha kuzuia upepo) ya inchi 8, lilikuwa likifuatana hapa kama treni. Nililitazama. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka bila kushangilia hata mara moja.

Hilo la kushindana kwa nguvu za magari tu mimi silielewi vizuri. Ninachojua ni kwamba nimelipa tiketi nikapata thamani yake.

Mzee Kombo

Vijana, salamu. Nimefuatilia mbio hizi tangu enzi za dereva Dale Earnhardt. Naona gari la 2007 mmeliruka kabisa, na si haki.

Ni kweli lilikuwa zito kugeuka na sura yake haikupendwa. Kyle Busch alishinda nalo mbio zake za kwanza pale Bristol, akasimama kwenye jukwaa la ushindi na kulitukana. Bawa la nyuma nalo liliondolewa 2010, mwaka mmoja baada ya gari la Carl Edwards kuruka hadi kwenye uzio wa uwanja wa Talladega. Lakini jiulizeni lilitoka wapi. Februari 18, 2001, Earnhardt alifariki kwenye kona ya mwisho ya Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR. Gari lile lilijengwa baada ya msiba huo: kiti kikasogezwa kuelekea katikati, paa likainuliwa na kupanuliwa, dereva akapata nafasi ya kubaki hai.

Aprili 2008, Texas, Michael McDowell alikuwa anatafuta nafasi ya kuanzia. Gari likampotea, likagonga ukuta uso kwa uso, kisha likabiringika mara nisizoweza kuhesabu. Nilikuwa sebuleni na marehemu mke wangu, alifunika macho. McDowell alitoka akatembea kwa miguu yake, akapunga mkono. Mwaka 2021 kijana huyo huyo alishinda Daytona 500. Kwa hiyo mkinilinganishia magari kwa utamu peke yake, mimi siwezi.

Na hili la sasa lilianza kwa kusahau somo hilo. Nyuma yake ilikuwa ngumu mno. Likirudi ukutani kinyumenyume, pigo lote alilipokea dereva. Kurt Busch aliumia kichwa Pocono, Julai 2022, kwenye ajali ambayo kwa macho haikutisha, na hakurudi tena kuwa dereva wa kila wiki. Sehemu ya nyuma ikabidi isanifiwe upya kwa msimu wa 2023.

Mama Neema KC

Shikamoo Mzee Kombo. Pole kwa mama. Umenikumbusha: Kurt Busch alishinda hapa Kansas Mei 2022 na gari namba 45. Baada ya kuumia, namba ile akapewa Bubba Wallace, na Septemba akaja akashinda nayo hapa hapa. Siku ile niliwaona watu weusi wengi wakilia waziwazi jukwaani, nami nikiwemo.

Safari wa Nakuru

Mimi nimelelewa na Safari Rally, mbio za duara nimezijua kupitia binamu yangu aliye Texas. Naomba nizungumzie sura, kwa sababu mada ni muundo pia.

Gari la 2007 lilinikera: Toyota, Ford, Chevrolet, Dodge, zote bodi moja, tofauti ni stika za taa. Hayo ya 2013 yalirudisha heshima, lakini ukiyatazama kutoka mbele unaona bodi imepindishwa upande mmoja ili ikate upepo vizuri kushoto. Hili la sasa liko sawa kulia na kushoto, limesimama chini, rimu zinajaza matao ya magurudumu. Camry ile ukiiona inatoka kona ya Charlotte unajua ni Camry. Kwetu huku ambako Toyota ndiyo gari la kila mtu, hilo lina maana.

Kilichoniudhi ni namba. Miaka yote ilikaa katikati ya mlango, sasa imesogezwa mbele karibu na gurudumu ili mdhamini apate nafasi. Namba ndiyo jina la dereva. Mtoto anachora gari, anaanza na namba.

Kuhusu msisimko nakubaliana na Fundi. Kwenye rali tunaketi vichakani kutwa nzima tukingojea dereva apambane na gari. Likitembea kama liko relini, wa nini?

Jirani wa Charlotte

Mzee Kombo, shikamoo. Umeniweka sawa na nakubali: gari la 2007 linatudai, sikulipatia nafasi yake.

Nirudi kwenye farasi 750, maana ndiyo yanayokuja. Si nguvu mpya. Lile la 2013 lilikuwa nazo kwenye viwanja vifupi miaka yake ya mwisho. Nazitaka, lakini siamini kwamba zitatosha. Sababu yangu ni Bristol, Machi 2024. Gari lilikuwa hili hili, farasi 670 zile zile. Ila siku ile tairi za Goodyear zilikuwa zikilika haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Mpira ulitapakaa kwenye lami kama makombo, na dereva aliyekanyaga mafuta kwa pupa alikuwa amekwisha baada ya mizunguko michache. Uongozi ulibadilika mara 54, rekodi kwa kiwanja kifupi. Hamlin alishinda kwa kulea tairi zake. Pale kosa lilikuwa na gharama, kama alivyosema Fundi.

Kwa hiyo ningepewa kuchagua kimoja kati ya farasi 80 zaidi na tairi inayochoka, nachukua tairi.

Fundi wa Mwenge

Vyote viwili vinasaidiana, mkuu. Nguvu ikiongezeka, gurudumu la nyuma linateleza zaidi wakati wa kutoka kona, na tairi inayoteleza inapata joto na kulika. Ila wakileta farasi 750 na tairi ngumu ile ile, dereva atashusha gia na mambo yatabaki yalivyo. Uwanjani mwangalieni mkono wa kulia wa dereva kupitia kamera ya ndani: wakiacha kugusa gia katikati ya kona za Martinsville, ujue dawa imeingia.

Jirani wa Charlotte

Nitaangalia hilo. Mama Neema, msimu ujao nakuja Kansas na familia, sijawahi kufika. Tukae wapi?

Mama Neema KC

Karibuni sana. Kateni tiketi za safu za juu, upande wa kona ya nne. Mtawaona wakitoka konani wakiwa watatu sambamba, na mstari wa kumalizia hauko mbali. Njoo na koti la mvua kwa kila mtoto.