Zotero inaniandikia "p. uk. 45" kila mahali, naombeni msaada

TanbihiZangu:
Wakuu, shikamooni mlionizidi. Nina tasnifu ya uzamili, mtindo wa marejeleo ni APA, na yote nimeyaingiza kwa Zotero, ile programu ya kupanga marejeleo, ndani ya Word. Kazi ni ya Kiswahili, kwa hiyo msimamizi anataka "uk." na "kur.", hataki kuiona "p.". Nikichapa uk. 45, inatoka "p. uk. 45". Marejeleo yanapita 200. Usingizi sina.

MzeeWaVikadi:
Marahaba. Sisi marejeleo tuliyaandika kwenye vikadi, tukavipanga ndani ya boksi la viatu. Sikuwahi kuona kikadi kikijiandikia "p." chenyewe.

NuktaMkato:
Mkuu, unaifanyia Zotero kazi ambayo ni yake. Kile kisanduku cha ukurasa kinataka namba tupu: 45, au 45-48. Hiyo "p." au "pp." inaiweka yenyewe, na kistari kifupi inakigeuza kuwa kirefu. Ukitaka "uk.", fungua faili la mtindo, lile linaloishia na .csl, uongeze kipande cha locale (sehemu ya maneno ya lugha) kinachotaja neno page kwa umbo fupi: umoja uk., wingi kur. Usisahau kubadilisha jina la mtindo na kitambulisho chake, la sivyo mtindo wa asili ukisasishwa utaufunika wako. Baada ya hapo futa kila "uk." uliyochapa ndani ya visanduku.

DadaFaharasa:
Hamia EndNote tu, nayo ni programu ya marejeleo. Ila nayo ina vituko. Mimi kurasa 245 hadi 248 zilikuwa zinatoka "245-8", mtahini akaniuliza inakuwaje makala ianze ukurasa wa 245 na kuishia wa 8. Nilitetemeka mbele za watu. Kumbe ni mpangilio mmoja tu ndani ya mtindo, unachagua kurasa ziandikwe kamili. Wiki 2 nilikuwa nasahihisha kwa mkono!

TanbihiZangu:
@NuktaMkato nimefanya yote, asante. Zimebadilika kama 30. Nyingine zimeganda.

NuktaMkato:
Zimegandaje? Kuna kitu hujatuambia. Uliwahi kufuta "p." kwa mkono ndani ya Word?

TanbihiZangu:
Sehemu chache.

NuktaMkato:
Chache ngapi?

TanbihiZangu:
Sura ya 1 na ya 2 karibu zote. Kila nikifuta, baadaye unatokea ujumbe kwamba rejeo limebadilishwa tangu Zotero ilipolitengeneza, je, nibaki na mabadiliko na kuzuia lisisasishwe tena. Nikabonyeza Ndiyo. Mtu umeshahangaika kusahihisha, utabonyezaje Hapana? Halafu faili la sura ya 3 hadi 5 nilishalitenganisha na Zotero, yakawa maandishi ya kawaida, ili isiniharibie tena. Kwa kweli naona bora nimalizie yote kwa mkono. Sioni ubaya.

MwalimuMstaafu:
Ubaya upo, kijana. Ujumbe unasomwa kwanza, ndipo unabonyezwa. Mnabonyeza Ndiyo kama mnafukuza nzi.

NuktaMkato:
Sura ya 1 na 2 zinapona: bofya rejeo moja moja, lifungue kwa kitufe cha Zotero, weka namba tupu, kubali. Sura ya 3 hadi 5 ndiyo kazi. Ukishatenganisha na kufunga faili, hakuna kurudi, Zotero haioni tena rejeo hapo. Tafuta nakala ya kabla. Hukumtumia msimamizi kwa barua pepe?

TanbihiZangu:
Nitamuuliza mwenyewe kama anayo, yeye ndiye anayewasiliana na msimamizi. Mimi nina hii ya mwisho tu.

ChekaTaratibu:
Mwenyewe nani tena? 😂

DadaFaharasa:
Ngoja. "Nina tasnifu" imegeuka kuwa "mwenyewe". Huyu anaandikia watu kazi zao! Na mimi nimemwaga siri zangu za mtahini hapa.

ChekaTaratibu:
Mimi nasema hakuna tasnifu wala mwenyewe. Hadithi ya kutunga. Nani anapoteza sura 3 kwa kubonyeza kitufe, halafu akaja kuuliza habari za "p."?

MzeeWaVikadi:
Boksi la viatu halina kitufe.

TanbihiZangu:
Ni ya ndugu yangu, namsaidia kupanga tu. Maneno ni yake. Kwani aliyeuliza akiwa ndugu, "p." inaondoka? Mlinijibu vizuri hadi mlipoanza kunipeleleza.

MwalimuMstaafu:
Kupanga hakuhitaji kusema "nina tasnifu".

NuktaMkato:
Hayo malizaneni. Binafsi sijui nimwamini nani, lakini tatizo la sura 3 ni la kweli na nimeliona kwa watu wengi. Nakala imepatikana?

TanbihiZangu:
Imepatikana, ya siku 9 nyuma, bado imeunganishwa na Zotero. Nimeweka ule mtindo mpya, nimefuta "uk." za kuchapa, sura ya 4 yote imekaa sawa. Imebaki moja tu, nikibofya inang'aa kijivu ila bado inasema "p. uk. 112". Kisanduku cha ukurasa kina 112 tupu, mtindo ni ule ule.

NuktaMkato:
Angalia kisanduku cha kiambishi, pembeni ya hapo. Atakuwa amechapa humo.

TanbihiZangu:
Humo hamna kitu.

ChekaTaratibu:
Muulize mwenyewe.