Fundi amekata fremu ya CG 125 ya marehemu baba bila ruhusa yangu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina pikipiki Honda CG 125 ya zamani aliyoniachia marehemu baba, shokapu mbili nyuma, breki za dramu mbele na nyuma. Mzee alishuka nayo kutoka Isyonje hadi Uyole akiwa na gunia la viazi nyuma, miaka na miaka, mvua na ukungu. Mwezi uliopita shokapu za nyuma zikaanza kuvuja oili. Nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, nikamwambia kwa kinywa changu: tafuta shokapu za urefu uleule, funga, basi. Nikalipa 180,000.

Jioni naikuta imeinua mgongo kama mbuzi anayekunywa mtoni. "Braza, sasa imekaa kisasa," ananiambia huku anafuta mikono.

Alichofanya ni hiki. Alipata shokapu za pikipiki nyingine. Nimezipima kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini: sentimita 41. Zangu za zamani zilikuwa 33! Zilipokataa kuingia akachukua grenda, akakata masikio ya juu kwenye fremu, yale yanayoshika bolti za shokapu, akayachomelea sentimita 12 mbele, chini ya siti, ili shokapu zilale ziweze kutosha. Amekata fremu ya mtu. Simu yangu anayo, hakupiga.

Rangi nyekundu ya mzee imeungua ikawa mapelemapele, na mchomeleo wenyewe una matundu, ukipitisha ukucha unakwama. Sikio la kushoto liko milimita 6 mbele ya la kulia, kwa hiyo shokapu mbili hazifanyi kazi pamoja, moja inavuta mkono wa nyuma (chuma kinachoshika tairi la nyuma) upande wake. Bushi za mkono huo nilizoweka mwaka jana zitaliwa bure.

Nilipolalamika akasema mbona za mashindano wanalaza shokapu. Kweli wanalaza! Miaka ya 1970 wakimbiza pikipiki za matope walianza kuzilaza ili tairi la nyuma lipate safari ndefu ya kupanda na kushuka. Lakini waliweka na springi ngumu zaidi, kwa sababu shokapu ikilala unapoteza mara mbili: tairi likipanda, springi inabonyea kidogo kuliko zamani, na hata hicho kidogo inakisukuma kwa upande badala ya kusukuma wima. Nimechukua mkebe wa hesabu wa mwanangu nikapima pembe. Alama za masikio ya zamani bado zipo, nikapata nyuzi 20 kutoka wima. Sasa ni 35. Pigeni kosaini ya kila moja, muizidishe kwa yenyewe, mlinganishe: springi ileile ingekuwa imepoteza karibu robo ya ugumu wake kwenye tairi. Na hizi alizofunga ni laini tangu mwanzo. Nikimpakia mke wangu na ndoo moja ya maziwa, tairi linagonga madigadi kila shimo.

Nikiwa peke yangu ndiyo hatari kabisa. Mkia umepanda karibu sentimita 3. Kutoka tairi hadi tairi ni kama mita 1 na sentimita 20, kwa hiyo pikipiki nzima imeinamia mbele karibu nyuzi moja na nusu. Mtu atasema nyuzi moja na nusu ni nini. Ni kwamba uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika tairi, umesimama wima zaidi. Ukichora mstari wa nguzo ya usukani hadi ardhini, tairi la mbele hugusa ardhi nyuma yake, na sasa si kwa umbali uleule. Umbali ule ndio unaorudisha usukani katikati wenyewe. Ukipungua usukani unakuwa mwepesi, unacheza. Juzi nateremka Mlima Nyoka, lori liko nyuma yangu, nikapita kiraka cha lami na usukani ukaanza kutikisika mikononi kushoto kulia, kushoto kulia. Nilikaza mapaja kwenye tangi nikaachia gesi taratibu. Nilipofika chini nilisimama pembeni dakika kumi, magoti yanatetemeka.

Stendi ya kati nayo haina kazi tena, ukiisimamisha tairi la nyuma linabaki chini. Cheni inakwaruza mkono wa nyuma, hiyo nimeisikia kuanzia siku ya kwanza.

Nimemrudia mara mbili. Mara ya kwanza ananiambia nitazoea. Mara ya pili anataka hela nyingine ya kurudisha masikio. Nizoee nini? Na simruhusu tena kugusa fremu ile kwa grenda.

Naombeni mambo mawili. Mwenye CG 125 ya zamani ambayo haijaguswa, anipimie kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya mkono wa nyuma unapoungana na fremu, kushoto na kulia, anitumie kwa milimita. Na kama kuna fundi Mbeya, Makambako au hata Iringa anayefunga fremu kwenye jigi (kishikio cha kuizuia isipinde) kabla ya kuchomelea, nielekezeni kwake. Nitaipakia kwenye Canter, kuiendesha siiendeshi.