Gumzo la ukoo: chui milia wa Uturuki katokea wapi?

Anko Hamisi: 📹 Oneni dude hili la Siberia linavyokatiza kwenye theluji. Hili ndo baba lao, wengine wote cha mtoto

Mama Neema: Mashallah. Kwani si wale wale wa India?

Fadhili: Shikamoo Anko. Wa India haachwi mbali bana, dume linafika kilo 200 na ushee. Huyu wa Siberia manyoya ya baridi yanamjaza halafu rangi imepauka. Mdogo kweli ni wa Sumatra, dume kilo 100 mpaka 140 hivi, mistari imebanana na mashavuni ana ndevu kama shekhe

Anko Hamisi: Marahaba. 😂😂 ndevu tena

Shangazi Zuhura: Sumatra si kisiwa? Walipanda jahazi?

Anko Hamisi: Hao wanaogelea dada, wale wa mikoko ya Sundarbans, kule India na Bangladesh, wanavuka mito mikubwa tu

Fadhili: Wanaogelea ndio ila Sumatra walifika kwa miguu shangazi. Enzi za barafu maji mengi yaliganda huko kaskazini, bahari ikashuka kama mita 120, Sumatra, Java na Bali zikawa nchi moja na bara la Asia, wakajitembelea tu. Barafu ikayeyuka bahari ikarudi kila mmoja akabaki alipo. Wa Bali na Java wameshaisha, yule wa Bali wa mwisho anayejulikana aliuawa 1937

Neema: Na Sri Lanka je? Mbona ni karibu hivyo na India

Fadhili: Mifupa yao ya zamani imepatikana, ila leo hakuna hata mmoja, mbabe wa kule ni chui wa kawaida

Baba Rehema: Nilisoma pahala kwamba hata Iran na Uturuki walikuwepo. Hao bila shaka walitoka India, si hapo jirani tu

Fadhili: Hapo ndo panaponifurahisha baba mdogo, kila mtu anadhani hivyo. 2009 watafiti walichukua vipande vya ngozi na mifupa ya hao wa Iran na Uturuki, wanaitwa wa Kaspi, iliyokuwa imehifadhiwa makumbusho, maana wenyewe hawapo tena, wakapima vinasaba, wakakuta wanafanana na wa Siberia mpaka basi, kwenye sehemu waliyopima wamepishana herufi moja tu ya vinasaba! Kumbe hawakupitia India, inaonekana walitoka China wakapita ule ukanda wa Gansu, njia ile ile ya misafara ya hariri, wakaingia Asia ya Kati mpaka Uturuki, halafu wengine wakaelekea mashariki mpaka Urusi ya mbali, ndo hawa wa Siberia

Baba Rehema: Weee

Mama Neema: Kwa hiyo wa Uturuki na wa Siberia ni ndugu tumbo moja, na wale wa hapo katikati wameenda wapi?

Fadhili: Waliisha mama. Walikuwa wanakaa kwenye matete kando ya mito wanakula nguruwe pori, Warusi walipoingia wakawinda mpaka jeshi likatumika, halafu matete yakafyekwa walime pamba. Kwenye miaka ya 70 ikawa basi

Shangazi Zuhura: Innalillahi

Neema: Hawawezi kurudishwa?

Fadhili: Kazakhstan wanajaribu, kule ziwa Balkhash. 2024 walipelekwa wawili kutoka Uholanzi wakawekwa ndani ya uzio, mpango ni kuja kuleta wa porini kutoka Siberia maana ndo damu ya karibu. Kwanza wanarudisha chakula, kulungu wa Bukhara na punda pori. Kazi ipo maana Siberia jike moja linaweza kumiliki kilomita za mraba 400, wakati Nepal jike linatosheka na 20 hivi, nyama zimejaa

Anko Hamisi: 400?? Jike moja??

Fadhili: Moja. Windo lenyewe ni la kutafuta kule

Baba Rehema: Na wafugaji wa hapo Balkhash wameulizwa? Mi na mbuzi zangu ningeshahama