7 Aprili: nimweleze mwanangu habari za Karume tu, au na za mto wetu?

Binti_Kyaka

Wanajukwaa, salaam. Wakubwa shikamooni.

Mwanangu wa darasa la nne kaniuliza kwa nini tarehe 7 Aprili ni sikukuu. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: ni Siku ya Karume, Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, Unguja, mwaka 1972. Akaridhika, akatoka kwenda kucheza. Mimi ndiye sikuridhika.

Kwetu ni Kyaka, mkoani Kagera. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa mwendo wa dakika kumi kutoka Mto Kagera, chini kidogo ya daraja, lile ambalo majeshi ya Amin yalilivunja 1978. Masika yalikuwa yameujaza mto, maji rangi ya chai ya maziwa. Siku moja mimi na dada tumetumwa maji, tukakuta wanaume wamesimama ukingoni, hakuna anayesema neno. Mmoja akatushika mabega, akatugeuza, akasema rudini nyumbani. Tukarudi na ndoo tupu. Ila nilikuwa nimeshaona. Alikuwa mwanamke, kitenge cha njano, mikono imefungwa kwa nyuma. Kwa mbali alikuwa anakuja mwingine.

Tangu siku ile mama hakununua samaki kwa muda mrefu sana. Si sato, si sangara, hata dagaa. Ndizi na maharage, ndizi na maharage. Sasa anakula, lakini ikifika wiki hiyo ya Aprili samaki haingii jikoni kwake, na hasemi kwa nini. Wajukuu wanadhani ni mfungo.

Naomba mniambie, hasa nyie wa Ngara, Karagwe na Missenyi: watoto mnawaambia nini? Na je, kuikumbuka Rwanda siku ya Karume ni kumvunjia heshima Mzee?

Mtu_wa_Kikwajuni

Marahaba mwanangu.

Mimi nimezaliwa karibu na hapo Kisiwandui. Siku alipopigwa risasi Mzee Karume, jioni, amekaa na wenzake kwenye bao, nilikuwa na miaka kumi na saba. Bibi yangu alifunga milango yote, akakaa chini sakafuni na tasbihi mpaka alfajiri. Kwa hiyo siku hii naijua.

Kila mwaka asubuhi yake tunakwenda kwenye hitma pale Kisiwandui. Viongozi wa nchi wapo, na sie watu wa mitaani tupo. Inasomwa Kurani, kisha dua kaburini. Na sijapata kusikia dua ikaishia kwa Mzee peke yake. Wanaombewa na wengine wote waliotangulia. Mama yako naye ana hitma yake, anaisoma kwa kutokula samaki. Hajamdhulumu mtu. Mweleze mtoto yote mawili, ila hiyo mikono iliyofungwa muachie mpaka akue.

Dereva_Mutukula

Dada, mto wenu mnaujua mpaka Kyaka tu. Mbele unaingia tena Uganda na kumwagikia ziwani karibu na mwalo wa Kasensero, wilaya ya Kyotera, zamani Rakai. Huko ndiko walikofikia. Wavuvi waliwatoa majini kwa mikono yao wakawazika. Yapo makaburi sehemu tatu: Kasensero, Lambu na Ggolo, jumla zaidi ya watu 10,000. Nimefika Kasensero mara moja. Pametunzwa, na watu wanaokwenda kuwakumbuka nimewaona kwa macho.

Mama_Nyamirambo

Ndugu zangu, mimi niko Kigali, ni mtoto wa Biryogo, Kiswahili ndiyo lugha tuliyolelewa nayo.

Kwetu tarehe 7 Aprili inaanza Icyunamo, wiki ya maombolezo. Mwenge unawashwa kwenye kumbukumbu ya Gisozi hapa Kigali, ambako wamepumzika zaidi ya watu 250,000, bendera zinashushwa nusu mlingoti, muziki wa baa unazimwa, harusi zinasubiri. Kukumbuka kunaendelea siku 100, mpaka mwanzoni mwa Julai. Umoja wa Mataifa nao uliitambua tarehe hii mwaka 2003, kwa hiyo Binti_Kyaka, hujaazima siku ya mtu.

Lakini nataka niseme juu ya mto. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya, hapa Rwanda, akahutubia kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo ndiyo inayoingia Akagera, na Akagera ndiyo Kagera yenu. Baba yangu mdogo na wanawe wanne walitupwa humo. Hatuna kaburi lao. Kila mwaka tunakwenda ukingoni tunatupa maua majini, tunayatazama yanavyokwenda, na siku zote najiuliza yanafika kwa nani.

Dada, nakuomba kitu kimoja. Muulize mama yako, kuna yeyote aliyetolewa majini hapo kwenu?

Binti_Kyaka

Nimempigia jana usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Ndiyo, wapo. Baba na majirani waliwatoa wawili waliokwama kwenye mafunjo, mmoja ni yule wa kitenge cha njano. Wakawazika juu ya ukingo, ng'ambo ya shamba letu la ndizi, kwenye mikaratusi. Sanda hazikuwepo. Mama alitandua shuka la kitandani kwake, akalichana katikati. Wanangu wamecheza hapo kila likizo, mimi nimekata kuni hapo, na sikuwahi kujua.

Mama_Nyamirambo, mama ameniagiza nikuulize: mwakani akitaka kuweka maua, aweke pale kwenye mikaratusi au ayatie mtoni?

Mama_Nyamirambo

Mwambie aweke pale. Na kama atakubali, mimi nitapanda basi mpaka Rusumo, nivuke, nije tuyaweke pamoja.