Linux Mint imejaza diski ya 32GB kwa wiki mbili, sasa laptopu haiingii

dada_kayole:
Habari zenu wote, aki nisaidieni kabla sijairusha dirishani. Nilimnunulia ndugu yangu mdogo kalaptopu ka mtumba pale Luthuli, Nairobi, inchi 11, RAM 4GB, storeji 32GB, anaingia koleji mwezi ujao na kazi yake ni kutaipu, kuingia potali ya shule na mara moja moja darasa la video. Ilikuja na Windows 10, kila siku inalia ati haina nafasi ya apdeti, ukiangalia C imebaki 1.3GB na hatujaweka kitu chochote!! Mtu wa kazini akaniambia weka Linux Mint Xfce, mfumo mwepesi badala ya Windows, utasahau hizo shida. Nikapakua ISO (faili ya kuinstolia) na waifai ya ofisi (bosi asisome hapa), nikaiweka kwa flashi, nikachagua ile ya kufuta kila kitu, ikaingia bila matata, kalaptopu kakawa kepesi hadi nikaimba.

Juzi kijana ananipigia ati akiweka paswadi skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu inamrudisha pale pale pa paswadi. Siku moja kabla iliandika diski imejaa. Imejaa na nini jameni, ana PDF kama kumi. Nikaipeleka kwa fundi aongeze hard disk, akafungua mfuniko wa chini, akatazama, akanitazama mimi, akasema mama hapa hakuna pa kuchomeka. Nilikosea wapi kuinstoli, ama niliuziwa mbuzi kwenye gunia?

msee_wa_jioni:
Mbuzi kwenye gunia kabisa. Hizo za 32GB mi huwa naambia watu wapite nazo mbali. Uza, ongeza kidogo, utafute ThinkPad ya kitambo yenye diski ya kutoa na kuweka.

terminali_tu:
Msee wacha kutisha watu, kuuza ni mwisho. Dadangu, fundi hakukosea, hiyo storeji ni eMMC, imechomelewa kwa bodi kama memori ya simu, haitoki. Pia hiyo 32 si 32, mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu na kompyuta inahesabu kwa 1024, kwa hivyo unaanza na kama 29.8 hivi hata kabla hujagusa kitu.

Sasa hiyo ya kurudishwa kwa paswadi inafanana kabisa na diski iliyojaa. Desktopu ikitaka kufunguka lazima iandike vifaili vyake mahali, ikikosa pa kuandika inakutema nje. Paswadi ni nzuri, asibadilishe. Mwambie akifika hapo afinye Ctrl+Alt+F3, itakuja skrini nyeusi, aandike jina lake la kuingilia na paswadi (ukitaipu paswadi haionekani hata nukta moja, asidhani kibodi imekufa), halafu apige hizi mbili:

df -h /
sudo du -xh -d1 /

Leta majibu hapa, ama apige picha.

dada_kayole:
Picha imekuja imeinama lakini nimesoma. Ya kwanza inasema saizi 28G, imetumika 27G, imebaki 0, 100%. Ya pili: /usr 8.1G, /var 4.2G, /home 0.9G, /boot 0.4G, na iko ingine inaitwa /timeshift 11G. Hiyo sijawahi iona maisha yangu.

terminali_tu:
Mwizi ndiye huyo. Uliiona ila umesahau, ukimaliza kuinstoli Mint kuna ile skrini ya karibu inakushauri uwashe Timeshift ili mfumo ukiharibika uweze kurudi nyuma. Ushauri mzuri sana kwa mtu mwenye diski ya 500GB. Lakini nakala ya kwanza ya Timeshift ni mfumo mzima unakopiwa, za baadaye ndizo zinaongeza tu vilivyobadilika, na nakala yenyewe imewekwa kwa diski ile ile moja. Yaani una nyumba ya chumba kimoja na umeingiza vitanda viwili. Jumlisha sasa: mfumo, nakala yake, swapfile kama 2GB (hiyo ni faili ya kusaidia RAM ikijaa, si folda ndio maana du haijakutajia), halafu ext4 (mpangilio wa faili kwa diski) inaficha asilimia 5 kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, peke yake, kwa 28GB hiyo ni 1.4GB. Hapo nafasi ya kijana iko wapi.

Kwa hivyo hukukosea kuinstoli, imejaa baadaye. Kwa hiyo hiyo skrini nyeusi apige kwa mpangilio huu:

sudo apt clean
sudo timeshift --delete-all
sudo apt autoremove --purge
sudo journalctl --vacuum-size=50M
sudo tune2fs -m 1 /dev/mmcblk0p2

Ile ya kwanza inatupa paketi zilizopakuliwa na kuachwa, hata ikirudisha 300MB sawa, Timeshift inapata pa kupumulia ikianza kazi. Asifute folda ya /timeshift kwa mkono na rm, aache programu yenyewe ifute. Hiyo ya mwisho inashusha ile asilimia 5 iwe 1, lakini kwanza apige lsblk ahakikishe mfumo kweli uko p2 (sehemu ya pili ya diski), kwa laptopu ingine unaweza kuwa namba ingine. Kisha aanzishe upya.

Na swali, programu ya darasa la video mliinstoli kutoka wapi?

dada_kayole:
Kwa ile duka ya programu ya Mint, nilifinya tu Instoli.

terminali_tu:
Angalia tena pale karibu na hiyo batani, kwa programu nyingi utaona unaweza kuchagua kati ya paketi ya mfumo na Flatpak. Flatpak ikija inakuja na ukoo wake wote, programu ndogo tu lakini msingi inaoukalia unaweza kuwa zaidi ya GB nzima. Kwa diski kubwa huwezi sikia. Kwa yako toa, tumia darasa ndani ya brauza, halafu upige flatpak uninstall --unused.

bwana_windozi:
Mnaenda mbali sana. Hiyo Windows 10 ingetoshea, watu hawajui tu kuibana. Ukifungua komandi kama adimini, powercfg /h off inafuta hiberfil.sys (faili ya kulaza kompyuta), kwa RAM ya 4GB hiyo ni kama 1.6GB umerudishiwa hapo hapo. Compact.exe /CompactOS:always inakaza faili za mfumo wenyewe, nilipata karibu 2GB kwa yangu. Ukiwa umetoka kuapdeti, futa Windows.old (ile Windows ya zamani iliyoachwa). Na apdeti ikikataa kwa sababu ya nafasi chomeka flashi yenye 10GB wazi, inaweza kuitumia kwa muda. Mimi nimekaa hivyo miaka mitatu.

terminali_tu:
Mkubwa hizo zote ni kweli, na ya flashi watu wengi hawaijui. Shida ni kwamba Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kima cha chini ni 64GB. Kijana atakuwa anabana nguo kwenye sanduku la safari ambayo imeisha.

netinst_peke:
Nikiwa nimechelewa. Kama mtaanza upya siku moja, mi ningeweka Debian (Linux ingine) ya netinst, ile ndogo inayopakua vingine kwa mtandao, ikifika pale pa kuchagua desktopu toa alama kwa GNOME ambayo ni nzito weka LXQt nyepesi, na ukiinstoli kitu ongeza --no-install-recommends isilete vya ziada. Pia badala ya ext4 weka Btrfs na compress=zstd kwa fstab (faili ya mipangilio ya diski), inabana faili yenyewe, Fedora, Linux ingine, wanaiwasha hivyo bila kuulizwa. Faili za mfumo zinabanika vizuri, picha na video usitarajie. Na tafadhali msigawe /home kando kwa diski ya 32GB, nilifanya hivyo 2019 nikabaki na 6GB bure upande mmoja na upande ule mwingine unalia njaa.

dada_kayole:
IMEINGIA!! Kijana amepiga zote, ile ya Timeshift ilichukua muda tukadhani imekwama. Sasa df inasema imetumika 15G, imebaki 13G. Tumetoa ile ya video, anatumia brauza, inakwaruza kidogo lakini mwalimu anasikika. Asanteni sana, terminali_tu ukiwa upande wa Kayole chai ni yangu. Sasa ameanza, ati anataka kadi ya memori ya 128GB aweke sinema.

terminali_tu:
Hahaha poa sana. Kadi ni sawa kwa sinema na PDF, mfumo usiweke huko, kadi ni ya polepole na ikichomoka kila kitu kinaanguka. Lakini kabla hujaweka kitu: sudo apt install f3, halafu f3write na f3read kwa hiyo kadi. Inaijaza faili mpaka juu kisha inazisoma kuona kama kweli zimekaa. Itakula masaa, iache usiku.

dada_kayole:
Nimerudi. Kadi imeandikwa 128GB kwa wino mzuri kabisa. F3 inasema data iliyo sawa ni 7.4GB, zingine zote zimepotea. Risiti ninayo, kesho saa tatu niko mlangoni kwa huyo jamaa na laptopu mkononi, imewashwa.