Kupogoa miwaridi: kukata chini kabisa au kupunguza juu juu?

Chipukizi: Habari zenu wakuu. Miwaridi yangu imerefuka mpaka inanipita kimo. Chini ni vijiti vitupu, maua yako juu huko na yanazidi kuwa madogo. Niikate yote hadi usawa wa goti kwa mkupuo mmoja, au nipunguze vichwa tu? Nataka kuanza mwisho wa wiki hii. Halafu nanunua mkasi: nichukue wa makali yanayopishana, au ule wenye wembe mmoja unaoshukia kwenye kibati bapa? Huu wa pili naona ni mwepesi mkononi.

Bi Miiba: Umeomba dawa hujataja ugonjwa. Ni ya kichaka au ya kutambaa? Inachanua mara moja kwa mwaka au mfululizo? Huko uliko kuna barafu au ni joto mwaka mzima? Bila hayo kila mtu atakujibu ya bustani yake.

Jembe la Asubuhi: Shusha chini mkuu, usiogope. Yangu naikata hadi sentimita 40 hivi, nabakiza matawi manne au matano yenye afya, katikati naacha wazi hewa ipite. Wiki sita hadi nane baadaye napata vikonyo virefu na maua makubwa. Ukipunguza vichwa tu, vijiti vyembamba vitazaa vijiti vyembamba zaidi.

Mama Nuru: Kaka Jembe, hiyo ni kwa miwaridi ya ua moja kubwa kwenye kikonyo. Ya vishada punguza theluthi moja, inatosha. Na ya kutambaa usithubutu kabisa! Nilikuwa na mmoja mwekundu umefunika ukuta mzima. Nilisafiri, nikamwachia fundi kazi ya kufyeka majani na nikamwambia waziwazi ule asiuguse. Narudi nakuta umekatwa hadi usawa wa kifundo cha mguu, chini ya kiungio, pale ulipounganishwa na shina la waridi mwitu. Ukachipua kwa kasi, kila mtu akanipongeza. Mimi nikaona machipukizi yana kijani kilichopauka, na jani moja lina vijani saba badala ya vitano nilivyozoea. Ulipochanua, vikatoka viua vidogo vyeupe, kishada kwa kishada. Ule mwekundu ulishakufa. Kilichobaki ni shina mwitu lililoubeba. Fundi akashikilia kwamba ua limebadilika rangi kwa sababu ya udongo. Mpaka leo naumia nikiutazama ule ukuta.

Jembe la Asubuhi: Pole sana dada. Lakini kilichouua si kukata chini, ni kukata chini ya kiungio. Hayo ni mambo mawili.

Bi Miiba: Kweli, ila kwa ya kutambaa Mama Nuru yuko sahihi. Matawi makuu unayabakiza na kuyalaza, unafupisha yale ya pembeni yabaki na macho mawili matatu, yaani vile vifundo vinavyochipua. Ile inayochanua mara moja tu kwa mwaka unaipogoa baada ya maua, maana inachanua kwenye matawi ya zamani. Na machipukizi ya shina mwitu yang'oe kuanzia mzizini, ukiyakata yanarudi.

Shina Nene: Mkasi chukua wa makali yanayopishana. Ule wa kibati unaponda tawi bichi. Angalia pale ulipokata: ganda limechanika, na baada ya muda weusi unashuka mpaka kwenye jicho. Unafaa kwa matawi makavu tu. Kata milimita tano juu ya jicho linalotazama nje, mteremko uelekee upande wa pili wa jicho. Futa makali kwa spiriti kila ukihamia mmea mwingine, kisha paka kidonda gundi.

Jembe la Asubuhi: Gundi ya nini? Mmea unafunga kidonda wenyewe.

Shina Nene: Kuna wadudu wanaotoboa katikati ya tawi lililokatwa. Ukishawaona hutauliza tena.

Chipukizi: Asanteni. Huku hakuna barafu, mvua zinakaribia. Miwili ni ya vishada, wa tatu sijui, niliukuta.

Bi Miiba: Basi usisubiri majira ya baridi kama wa nchi za theluji, wao hungoja macho yaanze kuvimba, baridi kali ikielekea kwisha. Wewe subiri maua ya sasa yaishe, kata kabla mvua hazijashika, machipukizi yapate maji. Usikate katikati ya kiangazi. Majani yenye madoa meusi okota yote, ukungu unajificha humo. Huo wa tatu toa matawi makavu na yanayosuguana tu, uone kwanza unachanuaje.

Jembe la Asubuhi: Ya vishada ningekata nusu, si theluthi. Imeshazeeka hiyo.

Mama Nuru: Nusu nyingi!

Mgeni wa Bustani: Samahani kuingilia. Hivyo vijiti mnavyokata, vya unene wa penseli, naweza kupanda? Nivikate urefu gani?

Shina Nene: Sentimita 15 hadi 20, toa majani ya chini, fukia nusu kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Mama Nuru: Na uchukue juu ya kiungio, tafadhali.